Mfupa wa Mbeba Zege

Mie ni mtu wa ndani. Sijisifu wala sijuti. Ndivyo nilivyo, kama wengine walivyo warefu. Kazi yangu ni kuchapa barua za watu na maombi yao ya kazi, na naifanyia chumbani kwangu Tabata, pazia limeshushwa ili mwanga usinizibie kioo cha kompyuta. Zipo wiki ambazo habari za mvua huwa nazipata kwa mke wangu. Vijana wa mtaani walishanizoea. Wakiniona nje huuliza kama kuna msiba.

Kwa hiyo mama alipoanguka akavunjika mkono, kikao cha familia kilikuwa kifupi kuliko vyote nilivyowahi kuhudhuria. Tumezaliwa wawili tu, dada yangu na mie.

"Wewe si hutokagi?" dada akaniambia. "Basi nenda ukamuuguze. Kukaa ndani Tabata na kukaa ndani Wazo kuna tofauti gani?"

Nilitafuta tofauti, sikuipata. Nikafunga kompyuta yangu kwenye begi.

Mama anaishi Wazo, peke yake, katika nyumba ya vyumba vitatu iliyo karibu na barabara ya malori ya saruji. Lori likipita, vyombo kabatini vinasalimiana. Ana miaka sabini na kitu; kitu chenyewe hakitaji. Asubuhi moja alikuwa anafua uani, akakanyaga povu alilolimwaga mwenyewe, akajikinga kwa mkono wa kulia, na mfupa ukakatika karibu na kiganja. Hospitali wakauvuta ukakaa sawa, wakamfunga plasta ngumu, hogo kama wenyewe tunavyoliita, kuanzia kwenye kiganja mpaka chini ya kiwiko. Wakasema arudi baada ya wiki sita.

Tulipomrudisha nyumbani dada alisema lililokuwa moyoni mwake. Alilisema mbele ya mama mwenyewe, maana dada yangu hajui kuzunguka.

"Wiki sita, mama. Hogo likitoka na mkono ukawa unafanya kazi, sawa, hatuna ugomvi. Usipofanya, unahamia kwangu, na hapa tunaweka mpangaji. Huwezi kuishi peke yako kwa mkono mmoja. Utapika vipi? Utafungua vipi hata chupa ya mafuta?"

Mama alivua ndala, akapapasa sakafu kwa unyayo, taratibu, kama anayemtafuta mtu gizani.

"Jamvi hili nimelimwaga mie," akasema.

Ni kweli. Mama yangu alikuwa mbeba zege. Ghorofa likijengwa mjini na siku ya kumwaga jamvi, yaani sakafu ya zege, ikifika, wanawake walipanga mstari na makarai vichwani, ngata chini ya karai, wanapanda ngazi za mbao zinazonesanesa, wanamwaga, wanashuka, wanapanda tena, kwa sababu zege halimsubiri mtu apumzike. Kazi hiyo aliifanya miaka mingi, yeye na rafiki yake mmoja ambaye leo ni jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Siku ambazo hawakuwa na kibarua walikuja hapa Wazo, kukiwa bado pori nusu, wakachanganya zege lao wenyewe kwa koleo, wakamwaga sakafu ya nyumba ya mama, kisha ya jirani. Mie wakati huo nilikuwa ndani ninajisomea. Dada anasema nilikuwa nimelala. Tuliache hilo.

Ninachotaka kusema ni kwamba kumwambia mama yangu ahame nyumba ile haikuwa sawa na kumwambia mtu ahame chumba. Na mwenye jukumu la kuhakikisha hahami, kwa wiki sita, nilikuwa mie.

Nilijiandaa. Nina elimu ya kidato cha nne, na Biolojia niliipenda ingawa yenyewe haikunipenda sana. Shule ya msingi nilifundishwa vimeng'enya, sekondari nikafundishwa enzaimu, na nilimaliza masomo nikiamini kuwa hao ni ndugu wawili wasioelewana. Lakini moja nilikuwa na hakika nalo: mfupa unajengwa na kalsiamu. Basi nikafungua kiwanda.

Kila asubuhi nilichemsha kongoro. Kwato za ng'ombe zilichemka tangu alfajiri mpaka nyumba nzima, na nguo zetu, na nadhani hata kompyuta yangu, vikanuka supu. Hoja yangu ilikuwa nyepesi: mfupa hujenga mfupa. Pili, nilinunua vidonge vya kalsiamu dukani, bila kumuuliza mtu, na pale kwenye boksi walipoandika kimoja mie nilimpa viwili, kwa upendo. Tatu, nilimkataza kazi. Si kufagia tu. Nilimkataza hata kutikisa vidole vilivyochungulia nje ya hogo. "Pumzika, mama. Mfupa unataka utulivu." Nne, nilimweka chumbani, feni inazunguka, pazia limeshushwa, maana jua la Wazo mie naliona kama adui wa binadamu yeyote aliyestaarabika.

Mama alikunywa, akameza, akatulia. Wakati ule nilidhani ni utii. Sasa najua alikuwa ananipa nafasi, kama fundi mkuu anavyomwachia mwanafunzi apandishe kozi mbili za tofali kabla hajaja na timazi.

Wiki ya tatu jirani akarudi kutoka msibani Kisarawe. Jirani huyu ni Mzaramo na mama ni Mnyamwezi, kwa hiyo ni watani. Wanaambiana maneno ambayo mtu mwingine akiyasema mnafikishana kwa mjumbe. Alipiga hodi kwa mguu.

"Hodi humu! Wapagazi mmefia ndani?"

"Karibu. Shikamoo, mama," nikamfungulia.

"Marahaba, mwali wangu."

Mwali ndilo jina aliloniita tangu zamani. Kwa Wazaramo msichana akivunja ungo alikuwa anawekwa ndani, haonekani na jua, mpaka siku ya kutolewa kwa ngoma. Nina miaka arobaini na saba na mvi kidevuni, lakini kwa mama yule bado ngoma yangu haijapigwa.

Akaingia chumbani, akashika kiuno.

"Mtani! Babu zako wamebeba pembe za ndovu toka Unyamwezi mpaka Bagamoyo kwa miguu yao. Wewe umeshindwa na povu la sabuni?"

"Walibeba," mama akasema, na nikaona uso wake unafunguka kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Wakifika pwani wanawakuta nyie mmekaa mnapiga ngoma, hamjui hata mzigo unashikwa wapi."

"Tulikuwa tunawapokea!"

"Mlikuwa mnawauzia maji."

Jirani akacheka mpaka akakaa kitandani. Kisha akanusa. "Humu mbona kunanuka kwato?" Akaangalia pazia, akaangalia feni, akamwangalia mama usoni kwa muda mrefu kidogo. "Mtani, na wewe umewekwa ndani uzeeni? Mie nilikaa ndani miezi, wakanitoa nimekuwa mweupe kama unga wa muhogo, watu wanashangilia eti nimependeza. Nilikuwa nikipiga hatua magoti yanagongana. Mama yangu ndiye aliyekuwa ananianika uani kila asubuhi mpaka nikapata miguu tena."

Nikamweleza, kwa upole wa msomi, habari za kalsiamu.

"Haya, mwalimu," akasema, akamgeukia mama, wakaangaliana. Nililiona lile jicho. Nililipuuza.

Wiki sita zikatimia. Tukaenda hospitali upande wa Mwenge, mama, dada na mie. Daktari alikuwa mwanamama wa Kihindi, mzaliwa wa hapahapa Dar, mwenye Kiswahili kilichonyooka kuliko changu ninayekichapa kila siku. Akaiweka picha ya eksirei kwenye taa. Hata mie niliona. Katikati ya mfupa bado kulikuwa na mstari mweusi, mwembamba kama unywele uliodondokea kwenye maziwa.

"Umekaa mahali pake," daktari akasema, "lakini unaunga polepole mno kwa wiki sita."

Dada akashusha pumzi. Hakufurahi, namjua, alikuwa amechoka kuogopa. "Basi mama," akasema taratibu. "Tulikubaliana."

Mama alikuwa bado anaangalia picha. Alinyoosha kidole cha mkono wa kushoto akaufuata ule mstari mweusi, bila kuugusa.

"Zege likichelewa kushika," akamwambia dada, "unauliza limechanganywaje. Hubomoi nyumba."

Daktari akageuka akamtazama upya. Akasema anataka kupima damu, na kwamba hogo lingekaa wiki nne zaidi kwa vyovyote vile. Dada akahesabu kwa vidole, akakubali wiki nne. Hakukubali hata siku moja zaidi.

Majibu tulirudi kuyachukua mama na mie tu. Ninaandika mazungumzo yale kama nilivyoyasikia, kwa sababu sijawahi kumsikiliza mama yangu kwa mshangao kama siku ile.

"Mama, mfupa si jiwe," daktari akaanza. "Uko hai. Kila siku kuna sehemu inabomolewa na sehemu inajengwa."

"Kama barabara zetu," mama akasema.

"Kama barabara zetu. Sasa, ndani ya mfupa kuna nyuzi za protini. Hizo ndizo zinazofanya usipasuke kama kigae."

"Nondo."

Daktari akasita. "Ndiyo. Nondo. Na ili hizo nyuzi zifungane vizuri mwili unahitaji vitamini C."

"Waya wa kufungia nondo."

"Halafu madini. Kalsiamu na fosforasi ndiyo yanayokaa juu ya hizo nyuzi yakafanya ugumu. Yapo na mengine, magnesi, zinki, kidogokidogo tu, lakini yakikosekana kazi inalegea."

"Hiyo saruji na mchanga wake. Na wachanganyaji?"

"Wachanganyaji ni chembe hai za mfupa, na mikono yao ni vimeng'enya." Akageuza karatasi. "Nimepima kimoja. Kimepanda juu. Maana yake mafundi wako saiti, wanahangaika kweli."

Mama akakunja uso. Huo uso naujua. Ni uso wa mtu ambaye amehesabu makarai na hayatimii.

"Mafundi wapo. Saruji mwanangu huyu ananiletea kila siku, tena mbilimbili. Kwa nini ukuta haupandi?"

"Kwa sababu kalsiamu ukiila haiingii mwilini yenyewe tu. Inataka vitamini D ndiyo iipitishe pale tumboni. Yako iko chini sana. Nyingi unayomeza inapita, inatoka."

"Kumbe lori linafika getini," mama akasema polepole, "mwenye ufunguo hayupo. Linageuza na mzigo wake."

"Nitaiba mfano huo, mama."

"Iba. Sasa mwenye ufunguo anatokea wapi?"

Daktari akaelekeza dirishani. Nje jua lilikuwa linawaka juu ya mabati ya Mwenge mpaka macho yanauma. "Kwenye jua. Ngozi ndiyo inayoitengeneza. Nakutana nalo kila wiki, watu wa Dar, mji wa jua, hawana vitamini D. Wako ofisini, wako ndani, wamejifunika. Na ngozi ikizeeka inaitengeneza kwa shida, ndiyo maana nitakupa na vidonge vyake. Ulikuwa unakaa wapi wiki hizi sita?"

Mama aligeuza shingo tu, taratibu, akaniangalia. Daktari naye akaniangalia. Nikayaangalia mabati ya Mwenge.

Yaliyofuata sikuyafurahia. Kumbe supu ya kongoro ni tamu na ina protini yake kidogo, lakini kalsiamu haihami mfupani kwa kuchemshwa. Karibu yote nilikuwa namtupia paka wa jirani pamoja na mifupa. Kumbe vidonge viwili badala ya kimoja havijengi haraka mara mbili, vinaweza kuzisumbua figo. Kumbe vidole vilitakiwa kuchezeshwa tangu siku ya kwanza, na mie ndiye niliyevifunga jela. Yaani wiki sita mama alikuwa anapigana na mfupa uliovunjika na mwanaye kwa wakati mmoja, na kati ya hao wawili mfupa ulikuwa na nafuu.

"Na wewe," daktari akaniambia nilipokuwa nimeshasimama, "hebu nyoosha mkono tukupime."

Majibu yalipotoka baadaye, vitamini D yangu ilikuwa chini kuliko ya mama.

Mama hakunisema. Hadi leo hajanisema, na hiyo ndiyo adhabu. Siku ile tulipofika nyumbani alivua mtandio, akafungua pazia la chumbani kwa mkono wa kushoto, akasema, "Kuanzia kesho mie ndiye msimamizi."

Hapo ndipo nilipomwona mbeba zege ambaye nilikuwa nasimuliwa tu. Mama hajui kusoma zaidi ya jina lake na namba, lakini maneno ya daktari aliyashika yote, kila moja amelipangia mahali pake pa saiti, na saiti hiyo akaiendesha. Asubuhi, mara jua likichomoza juu ya ukuta wa uani, alitoka na kigoda. Hakukaa kivulini. Alikaa mgongo ukutani, akapandisha khanga mpaka magotini, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya maisha yangu yote, akaunyoosha na ule mkono mzima kama anaupa malipo. Mie nilipewa ndoo iliyopinduliwa, pembeni yake, shati nimevua. Tukaota jua wawili kama dagaa.

Mtani wake alichungulia juu ya ukuta siku ya kwanza ile.

"Jamani! Wapagazi wameanika miguu! Mtani, hiyo miguu ilikuwa imefichwa tangu lini?"

"Tangu nikupite kwenye ngazi ya ghorofa ukiwa umebeba karai nusu."

"Nusu! Nilikuwa nabeba limejaa linamwagika!"

"Lilikuwa linamwagika kwa sababu ulikuwa unatembea kama unacheza mdundiko." Kisha mama akanionyesha kwa kidevu. "Njoo umwone na huyu. Ana tumbo jeupe kuliko bahasha."

Akaja na kigoda chake. Tangu siku hiyo tukawa watatu, na sijawahi kutukanwa kwa furaha kiasi kile.

Chakula nacho mama alikipanga. Dagaa waliliwa wazima, kichwa na mifupa, kwa sababu, alisema, huyo ndiye anayekuja na saruji yake mfukoni. Mtindi jioni. Ufuta alitufanya tutwange tuweke kwenye matembele. Mapera alimenya kwa meno kwa sababu kisu hakikuwezekana. Kidonge cha kalsiamu, kimoja, na cha vitamini D siku yake, alinidai mwenyewe. Nikichelewa alikuwa anagonga meza kwa hogo.

Lakini kilichonivunja moyo wa ubishi ni tasbihi. Daktari alimwambia achezeshe vidole. Mama akachukua tasbihi yake, akaishika kwa vile vidole vilivyovimba vinavyochungulia nje ya hogo, akawa anavuta punje moja moja. Ya kwanza ilimchukua pumzi tatu. Siku ile alifika punje kumi na moja, jasho linamtiririka kwenye mashavu, midomo inataja jina la Mungu bila kukosea. Akapumzika. Akaendelea pale alipoishia. Nilikuwa nimekaa na kompyuta mapajani nikijifanya nachapa barua ya mtu, na sikuwa nimechapa neno. Mwisho wa wiki alimaliza tasbihi nzima. Hakumwambia mtu. Aliiweka tu chini ya mto akaomba maji.

Wiki nne zikaisha, hogo likakatwa. Picha ya eksirei ilionyesha mfupa umeunga. Ule unywele mweusi haukuwepo, mahali pake kuna uvimbe mweupe wa mfupa mpya, kama kiungo cha bomba. Daktari alifurahi. Mie nilifurahi. Mama aliuangalia mkono wenyewe. Ulikuwa umekonda kama mwiko, ngozi inabanduka, kifundo kimekakamaa hakipindi huku wala kule. Daktari akasema hiyo ni kawaida, nguvu zitarudi kwa mazoezi. Mama akauliza zitarudi lini. Daktari akasema inategemea.

Dada alikuwa amesema atakuja Jumapili. Na kwenye simu aliniambia, kwa sauti ya chini, kwamba mpangaji ameshampata, mtu na mkewe, watu wastaarabu.

Ijumaa nilimkuta mama jikoni peke yake. Alikuwa anajaribu kuinua kikombe cha chai kwa mkono wa kulia. Kikapanda inchi mbili, kikatetemeka, akakitua. Akajaribu tena. Mara ya tatu akakishika kwa mikono miwili, akanywa hivyo, kama mtoto, na baada ya kunywa akafuta macho kwa bega. Nilirudi nyuma kimyakimya mpaka kwenye korido. Ndiyo mara pekee nilipomwona anaogopa. Na nilielewa anachokiogopa: kuwa mgeni, hata kwa mtoto wake mwenyewe, akitembea juu ya sakafu iliyomwagwa na mtu mwingine.

Jumamosi alimwita mtani wake. Wakajifungia uani na nazi. Nilichosikia ni matusi tu.

Jumapili dada akaja mchana, na mama akamwambia akae, leo anapika wali wa nazi yeye mwenyewe. Dada akaniangalia, nikainua mabega. Akaenda akasimama mlangoni mwa jikoni, mikono amefunga kifuani, kama msahihishaji wa mtihani. Jirani alishaketi ndani.

Mama akakaa juu ya mbuzi. Kukuna hakukuwa tatizo kubwa, kifuu alikishika kwa mkono wa kushoto na kukisukuma kwa wa kulia. Kilikwenda polepole lakini kilikwenda. Nazi iliyokunwa ikajaa kwenye sinia. Akamimina maji ya vuguvugu, akachota konzi moja kwa mkono wa kulia, akaifunga ngumi.

Hakikutoka kitu.

"Kamua, mtani," jirani akasema. "Au niwaite babu zako?"

"Nyamaza wewe."

Akafunga ngumi tena. Niliona mishipa ya shingo. Kisha tone moja, jeupe, likaning'inia chini ya kidole kidogo, likadondoka, likafuatwa na jingine, na baadaye ukawa uzi mwembamba wa tui unaoshuka kwenye bakuli. Akachota konzi nyingine. Akachota nyingine. Jirani akaacha utani, akamshikia bakuli.

"Mama," dada akasema mwishowe, "unauma?"

"Unauma."

"Sasa kwa nini..."

"Unauma lakini unafanya kazi. Hata zamani nilipokuwa nashuka ghorofani ulikuwa unauma, huu na mwenzake, na nikifika nyumbani nawapikia. Hukuwahi kuniuliza."

Dada akaikunjua mikono yake kifuani, akaingia jikoni, akachuchumaa. "Tui la pili nikamue mie," akasema. "La kwanza umeshamaliza."

"Hilo kamua. Wewe una mikono ya ofisini, itapata mazoezi."

Tulikula wote wanne sakafuni, juu ya mkeka. Wali ulikuwa na chumvi nyingi. Tuliusifia. Katikati ya kula dada akasema, bila kumwangalia mtu, kwamba yule mpangaji atamwambia atafute kwingine, lakini ndoo za maji zijazwe nusu, na jirani apitishe jicho asubuhi na jioni, na mama asifue tena nguo nzito.

"Ndoo nusu," mama akasema, "sawa."

"Kama karai la mtu ninayemjua," akaongeza, na jirani akamrushia punje ya wali.

Baada ya kuosha vyombo, ambavyo niliosha mie, mama akanitazama nikiwa nimeegemea kabati.

"Na wewe unangoja nini?"

"Ningoje nini tena? Nipo."

"Nenda kwako. Mkeo keshasahau sura. Na kesho asubuhi utoke nje ukaote jua, nitampigia yeye, sikupigii wewe."

Nikasema nikae angalau wiki moja, mpaka mkono uwe na nguvu. Akasema mkono hauwezi kupata nguvu kama kuna mtu anaukimbilia kila ukigusa kitu. Alilisema kwa upole, lakini alikuwa ameshalishika begi langu, kwa mkono wa kushoto, analisukuma kuelekea mlangoni.

Nikaaga. Dada alishatangulia kutafuta bajaji. Mlango ukafungwa nyuma yangu, nikasimama barazani kuvaa viatu, na kutoka ndani nikasikia komeo linasukumwa. Ni komeo la chuma, la zamani, gumu, linataka kifundo cha mkono kikazwe kwelikweli. Likasogea kidogo, likakwama. Nilinyoosha mkono kugonga mlango nimwambie aniachie nimsaidie, nikauzuia hewani. Ndani nikasikia pumzi moja ndefu ikivutwa, na jina la Mungu. Kisha chuma kikasaga chuma, polepole, mpaka mwisho, kikaingia mahali pake.